Sufu iliyokuja bila kondoo wake

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, nabii Isaya anaahidi kwamba dhambi zilizo nyekundu zitakuwa kama sufu. Katika tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, Sura ya Al-Qaria inaeleza kwamba Siku ya Kiyama milima itakuwa kama sufi zilizochambuliwa. Kinachotajwa pote pawili ni kitu kimoja: manyoya ya kondoo. Kiebrania cha Isaya husema tsemer, Kiarabu cha Al-Qaria husema ihn, na Kiswahili kimetoa majibu mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu. Lakini irabu hiyo inampeleka msomaji mbali. Anayesoma sufu humfikiria kondoo. Anayesoma sufi, ikiwa amekulia Muheza, Pemba au Kilwa, hufikiria mti.

Kamusi zetu za leo zimejaribu kuweka mpaka. Sufu, zinasema, ni manyoya ya kondoo yanayofanywa nyuzi na vitambaa. Sufi ni ile pamba laini inayotoka katika maganda ya msufi, tunayojazia mito na magodoro. Halafu kuna sufi wa tatu, mtu, mfuasi wa njia ya kiroho katika Uislamu. Mpaka huu unasaidia darasani, ila watu hawakuzaliwa nao. Tafsiri ya Sheikh Ali Muhsin haikukosea ilipoandika sufi kwa maana ya manyoya ya kondoo; imefuata matumizi ya pwani, ambako maumbo hayo mawili yameishi pamoja na kuazimana maana. Mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa sababu kaandika "sweta ya sufi" anapaswa kujua kwamba mwanafunzi huyo ana ushahidi mzito upande wake.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, suf, na huishia kwa konsonanti. Kiswahili hakipendi neno liishie hivyo, kwa hiyo huongeza irabu, na baada ya f irabu hiyo mara nyingi huwa u: khauf ikawa hofu, alf ikawa elfu, saqf ikawa sakafu, daif ikawa dhaifu. Kwa utaratibu huo suf ilipaswa kuwa sufu, na ikawa. Lakini harf ikawa herufi na sarf ikawa sarufi, basi sufi nayo si mgeni. Zaidi ya hapo Kiarabu kina neno jingine kamili, sufi, lenye maana ya "-a sufu", kitu kilichofanywa kwa sufu au kinachohusiana nayo. Nionavyo mimi, umbo letu la sufi lina mama wawili, na ndiyo sababu hakuna kamusi iliyoweza kulibana katika maana moja.

Kwa nini neno la manyoya ya kondoo likahamia kwenye mti? Jibu liko mgongoni mwa kondoo wetu. Kondoo wa asili wa Afrika Mashariki hawana sufu. Kondoo mwekundu wa Kimasai, kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe, na wengi wa wale wenye mikia ya mafuta tunaowaona barabarani kuanzia Kajiado hadi Dodoma, wana nywele fupi zinazolala mwilini, karibu kama za mbuzi. Nywele hizo huwezi kuzisokota uzi wa maana. Mfugaji wa huku alimtaka kondoo kwa nyama, kwa mafuta ya mkia, kwa ngozi, kwa mahari, kwa kafara na tambiko. Hakuwa na siku ya kukata manyoya, hakuwa na mkasi wa kazi hiyo, na hakuhitaji neno la kitu ambacho mnyama wake hakuwa nacho. Alichokiona juu ya mnyama alikiita manyoya, neno lilelile linalobeba unyoya wa kuku na manyoya ya simba.

Angalia jinsi Biblia yenyewe ilivyolishughulikia jambo hili. Isaya 53 inaposimulia juu ya kondoo anayenyamaza, inasema yuko mbele ya wale wamkatao manyoya. Mithali 31 inapomsifu mke mwema, inasema hutafuta sufu na kitani. Juu ya mnyama ni manyoya. Mkononi mwa mfumaji ni sufu. Sidhani kama watafsiri walikaa wakapanga sheria hiyo. Waliisikia katika lugha. Sufu kwa Kiswahili ni neno la dukani na la sandukuni kabla ya kuwa neno la zizini, kwa sababu ilitufikia ikiwa tayari imeshasokotwa, imeshafumwa, imeshafungwa robota na kuvushwa bahari.

Na ilivaliwa na nani? Hapo kuna jambo la kutazama kwa makini. Joho, lile vazi refu lililo wazi mbele, limepata jina lake kutoka Kiarabu jukh, yaani kitambaa kizito cha sufu. Bushuti ni bisht ya Waarabu, vazi la sufu au la manyoya ya ngamia, na kwetu likawa pia jina la blanketi zito. Katika jua la Mombasa na Unguja, mtu hakuvaa joho kwa kukimbia baridi. Alivaa kwa heshima. Joho lilikuwa la liwali, la kadhi, la bwana harusi, la mwenye cheo siku ya Idi. Watu wa kawaida walivaa pamba: kikoi, kanzu, kaniki, merikani. Hata leo mhitimu wa chuo kikuu, awe wa Dodoma au wa Eldoret, huvaa joho siku ya mahafali, ingawa sasa kitambaa chake ni cha kiwandani na hakina hata unyuzi mmoja wa kondoo. Maana ya cheo imebaki. Sufu yenyewe imeondoka. Mambo haya tuyaweke akilini, kwa sababu tutakutana na watu waliovaa sufu kwa nia iliyo kinyume kabisa.

Kondoo wa sufu walifika baadaye sana, na hawakuletwa na bahari ya Waarabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kizungu katika nyanda za juu za Kenya, Lord Delamere akiwamo, waliingiza madume ya kigeni na kuwapandisha kwa majike ya Kimasai kule Bonde la Ufa, wakapoteza wengi kwa maradhi kabla ya mambo kutengemaa. Ndipo Molo na Nanyuki zikapata mandhari ya kondoo wenye manyoya mazito yanayokatwa kwa msimu. Wakati huo neno lilikuwa limeshazoeleka pwani, na lilikuwa limeshajipatia makao mengine.

Makao hayo ni msufi. Mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ceiba pentandra na wafanyabiashara wa dunia huita mazao yake kapok, asili yake ni Amerika ya kitropiki na Afrika Magharibi. Pwani yetu umestawi kana kwamba umeota hapo tangu mwanzo wa dunia: shina lililonyooka, matawi yaliyotanda kwa ngazi, maganda yanayoning'inia na kupasuka wakati wa kiangazi. Wajerumani waliupanda mashambani Tanganyika kwa biashara. Ziko sehemu zinazoitwa Msufini ambazo jina limedumu kuliko mti wenyewe. Mtu aliyeona ganda likipasuka na kutoa fungu jeupe, jepesi, lenye kung'aa kidogo, alihitaji neno. Pamba lilikuwa limechukuliwa tayari. Nalo tulilipata kwa Waajemi. Akachukua neno la kitu laini cha thamani kilichotoka ng'ambo, akalipa kiambishi cha miti, m-, kama tulivyozoea kwa mnazi na mpamba. Sufi ikapata mti, na mti ukawa msufi.

Watu wa pwani hawakuchanganya mambo hapa. Walitumia neno walilopewa kwa kitu walichonacho. Ila inafaa kujua kwamba vitu hivi viwili, ukiacha ulaini, havifanani karibu kwa lolote. Sufu ya kondoo ni protini, ileile inayojenga kucha na nywele zetu. Kila uzi wake umejikunja na una magamba madogo yanayoshikana na ya jirani, na ndiyo maana husokoteka vizuri, hunyumbulika, na huhifadhi joto hata ikilowa. Sufi ya mti ni selulosi. Uzi wake ni mfupi, una uwazi ndani uliojaa hewa, na unateleza mno kiasi kwamba peke yake ni vigumu kuusokota. Lakini uwazi huo ndio uliofanya sufi ielee majini, ikajaziwa maboya ya kuokolea watu baharini miaka mingi kabla ya plastiki. Ukiunguza kipande cha sufu kinanuka nywele na hujizima chenyewe. Ukiunguza sufi inashika moto mara moja. Kwa hiyo mshonaji na fundi wa magodoro wana haki ya kudai maneno mawili, na kwa kazi yao ninaunga mkono mgawanyo wa kamusi bila kusita.

Kwa mtafsiri wa Qur'ani hesabu ni nyingine. Neno ihn lililo katika Al-Qaria na katika Al-Maarij si suf ya kawaida. Wafasiri wengi wa zamani walieleza kuwa ni sufu iliyotiwa rangi, na wakaunganisha na Sura ya Fatir, inayotaja milima yenye mistari myeupe, myekundu na myeusi. Picha ni ya milima ya rangi mbalimbali inayovurugwa na kutawanyika kama sufu ya rangi mbalimbali mbele ya mchambuaji. Msomaji wa pwani akisoma "sufi zilizochambuliwa" anapata nusu ya picha kwa nguvu ambayo labda hata Mwarabu wa leo wa mjini haipati. Anajua kuchambua. Ameona watu wakitoa mbegu nyeusi katika sufi, ameona unyoya wake ukipaa kwa pumzi ndogo tu na kutua begani mwa mtu aliye mbali. Wepesi wa mlima siku hiyo anauelewa kwa ngozi yake. (Kitenzi hicho hicho, kuchambua, ndicho kilichotupa uchambuzi, hata huu unaousoma; kazi ya kutoa mbegu katika pamba ilitangulia kazi ya kutoa hoja katika maneno.) Anachokosa ni rangi. Sufi ya mti ni nyeupe. Kwa hiyo tafsiri ibaki kama ilivyo, kwa maoni yangu, lakini anayedarsisha sura hii msikitini au madrasa aseme wazi kwamba hii ni sufu ya kondoo, tena iliyopakwa rangi. Ni sentensi moja, na inairudishia aya rangi zake.

Sasa tuje kwa sufi aliye mtu, kwa sababu hapa ndipo neno limekuwa silaha.

Basra, Iraki, karne ya kwanza na ya pili ya Hijria. Mji wa bandari, mali inaingia kwa wingi, hariri inavaliwa na wakubwa. Baadhi ya wacha Mungu wanaamua kuvaa sufu nzito, isiyolainishwa, vazi la wachungaji na mafukara. Walikuwa na wa kuwatazama. Watawa wa Kikristo wa jangwani walivaa hivyo. Injili ya Mathayo inamsimulia Yohana Mbatizaji akiwa na vazi la singa za ngamia. Mtume Muhammad mwenyewe, kwa riwaya ya Mughira bin Shuba iliyomo katika Sahih al-Bukhari, alikuwa safarini na juba la sufu lenye mikono myembamba, hata ikambidi atoe mikono yake kwa chini ili atawadhe. Lakini kuvaa sufu kwa haja ya safari ni jambo moja, na kuifanya alama ya ucha Mungu ni jambo la pili, na tofauti hiyo ilionekana mapema. Imepokewa kwamba Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra hiyohiyo aliyefariki mwaka 729, alipowasikia watu wakisema wanavaa sufu kumfuata Isa bin Maryam, alijibu kuwa mwenendo wa Mtume wetu tunaupenda zaidi, naye alivaa pamba pia. Ona basi: ubishi juu ya sufu ni wa zamani kama vazi lenyewe, na ulianza ndani ya watu wema wa mji mmoja.

Kutokana na vazi hilo watu waliitwa sufi, na kuingia katika njia hiyo kukaitwa tasawwuf. Kiarabu kina muundo ulio wazi hapa: taqammasa ni kuvaa kamisi, tasawwafa ni kuvaa sufu. Waajemi nao waliwaita masufi pashmina-push, yaani wavaa sufu, kwa neno lao wenyewe la sufu, pashm, lililozaa pashmina tunayoijua madukani. Lugha ya pili inapotafsiri jina kwa maana hiyo hiyo, ni dalili kwamba watu wa wakati huo waliisikia sufu ndani yake.

Hata hivyo wengi hawakuridhika. Ilionekana jina kubwa namna hii haliwezi kuwa limetokana na kitu duni kama manyoya ya kondoo. Wakatafuta asili tukufu zaidi, na la kustaajabisha ni kwamba karibu kila asili waliyopendekeza ina ndugu yake katika Kiswahili. Wengine walisema jina linatokana na safaa, usafi wa moyo. Sisi tuna safi. Wengine wakasema ni saff, kwa kuwa hao wako safu ya kwanza mbele ya Mola. Sisi tuna safu, ya swala na ya milima. Wengine wakasema ni suffa, ukumbi wenye paa kwenye msikiti wa Mtume Madina walipokaa masahaba wasio na makazi. Neno hilo lilipita kwa Waturuki, likafika Ulaya, na likaturudia likiwa sofa ya sebuleni. Mwanachuoni al-Biruni, katika karne ya 11, alileta Ugiriki: sophia, hekima, ileile iliyo ndani ya falsafa.

Kwa sikio la Mswahili, yote haya yanaingia kirahisi mno. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu sijaona likisemwa vya kutosha. Kiswahili kilipopokea maneno ya Kiarabu kilifuta mambo matatu: urefu wa irabu, kukazwa kwa konsonanti, na tofauti ya herufi mbili za s, sad nzito na sin nyepesi. Hati za Kiswahili za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ziliweza kuionyesha sad. Za Kirumi tunazotumia leo haziwezi. Matokeo yake ni kwamba sufi, safi, safu, sofa na falsafa vinakaa mdomoni mwetu kama watoto wa tumbo moja. Mhubiri akisema "sufi ni mtu safi", hadhira inaitikia kwa kichwa hata kabla ya ushahidi, kwa kuwa sikio limeshakubali. Kwa Kiarabu sikio halikubali haraka hivyo. Safi ni ya sad, fa, waw. Suf ni ya sad, waw, fa. Ukinasibisha kwa safaa, yaani ukiunda neno la "-a safaa", utapata safai au safawi. Kwa saff utapata saffi. Kwa suffa utapata suffi, f iliyokazwa na u fupi. Kwa suf unapata sufi bila kulazimisha chochote. Na kuhusu Ugiriki, mtaalamu wa Kijerumani Theodor Nöldeke alionyesha mwaka 1894 kwamba s ya Kigiriki huandikwa kwa Kiarabu kwa sin, kama ilivyo katika faylasuf na falsafa, ilhali sufi siku zote ni ya sad. Hapo hoja ya al-Biruni, pamoja na heshima yote anayostahili, inakwama.

Wanavyuoni wa Kiislamu waliyajua mengi ya haya kabla ya Mjerumani yeyote. Abu Nasr as-Sarraj, aliyefariki mwaka 988 na ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa njia hiyo, aliichukua sufu kuwa asili ya jina. Mwanahistoria Ibn Khaldun aliipendelea. Al-Qushayri, aliyefariki mwaka 1072, alikuwa mwangalifu kuliko wote: alisema jina hili ni kama lakabu, halina mnyambuliko wa Kiarabu ulio wazi, na kuwa kauli ya sufu ina njia yake kisarufi, ila watu hao hawakujitofautisha kwa kuvaa sufu. Ninamheshimu sana kwa sentensi hiyo ya mwisho. Anatuambia kwamba asili ya jina na sifa ya mwenye jina ni mambo mawili.

Halafu yuko mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328. Wengi wanaoipinga leo tarika, yaani njia ya kisufi yenye sheikh na wafuasi wake, Tanzania na Kenya, humtaja kama hoja yao kubwa. Wamsome na katika hili. Katika risala yake juu ya masufi na mafukara anapitia nasaba zote: suffa, saff, safaa, hata ukoo wa Kiarabu wa zamani uliokuwa ukihudumu Makka na kuitwa Sufa. Anazipima kwa sarufi moja baada ya nyingine, huo ukoo anausema unakubalika kisarufi lakini ni dhaifu kwa historia, na anamalizia kwa sufu, vazi, na kuutaja mji wa Basra. Hakutumia asili ya neno kuwatukana wala kuwatukuza. Alieleza, kisha akageukia matendo yao, yapi ya kukubali na yapi ya kukataa.

Kwetu mjadala mara nyingi huenda kinyume. Upande mmoja husema: sufi linatokana na usafi, basi anayetupinga anapinga usafi. Upande wa pili hujibu: sufi linatokana na watawa wa Kikristo au na Wagiriki, basi njia yenu ni ya kuazima. Hoja zote mbili zina ugonjwa mmoja, kudhani kwamba neno linaweza kumhukumu mtu. Kama asili ingetoa hukumu, basi wahitimu wetu wote wangekuwa wauza vitambaa, kwa kuwa wamevaa joho.

Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Sufu haikuwahi kuwa vazi la watu wa tarika wa pwani hii. Sheikh Uways wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuieneza tarika ya Qadiriyya kutoka Banadir, pwani ya Somalia, hadi Unguja na bara; Sheikh Muhammad Maruf wa Ngazija, aliyefariki mwaka 1905, ambaye tarika yake ya Shadhiliyya ilivuka hadi Kilwa; Habib Swaleh wa Lamu na msikiti wake wa Riyadha; Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931: hao wanakumbukwa kwa darsa, dhikri, maulidi, na kwa kuwafungulia mlango watu ambao waungwana wa miji waliwafungia, watumwa wa jana na wageni wa bara. Wafuasi wao wamevaa kanzu ya pamba na kofia. Na kwa kawaida hawakujiita masufi. Walijiita watu wa tarika, watu wa dhikri, muridi wa sheikh fulani, Makadiria, Mashadhili. Sufi kama jina la kundi zima limepata nguvu katika ubishi wa miongo ya karibuni, kwenye kanda, vipeperushi na baadaye simu, na mara nyingi limetamkwa na mpinzani kabla ya kutamkwa na mwenyewe.

Jina moja hilo pia linaficha tofauti kubwa. Sheikh Uways aliuawa mwaka 1909 huko Somalia na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Muuaji hakutoka nje ya tasawwuf. Sayyid Muhammad alikuwa wa tarika ya Salihiyya. Waligombana juu ya kutawasali, yaani kumwomba Mungu kupitia mawalii waliokufa, na juu ya siasa, na damu ikamwagika. Ukisema "masufi wanaamini hivi", unamzungumzia nani kati yao?

Ile Shadhiliyya ya Ngazija na Kilwa ina lake la kusema kuhusu vazi. Imesimuliwa kuwa Abul Hasan ash-Shadhili, aliyefariki mwaka 1258, alivaa nguo nzuri, na mtu mmoja mwenye vazi la kukwaruza alipomlaumu, alimjibu kwamba nguo yangu inasema nimeshukuru, na yako inawaambia watu nipeni. Ndani ya watu walioitwa kwa jina la sufu, alitokea kiongozi aliyeikataa sufu isiwe tangazo. Naye pia ni sufi, kwa maana ambayo kondoo hahusiki tena.

Anayetaka kuijadili Qadiriyya ya Bagamoyo au maulidi ya Riyadha ana silsila (minyororo ya masheikh) za kusoma, nyiradi (dua za kurudiarudia) za kusikiliza, makaburi na ziara za kuchunguza, vitabu vya wapinzani na vya wafuasi, na watu walio hai wa kuwauliza ana kwa ana. Aanze na hivyo, na neno aliachie kamusi.